Ulizia Miaka ya Katikati

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 154,436 Kitengela. Ile ya 2009 ilikuwa imehesabu elfu 58 na ushei. Ongezeko hilo halikutoka wodi ya wazazi peke yake. Lilikuja kwa malori ya kuhamisha vyombo, kutoka Embakasi, Machakos, Kisii, Nyeri na Kakamega, watu wakifuata kazi katika viwanda vya EPZ na vya saruji pale Athi River, au ploti ya futi 50 kwa 100 ambayo ndani ya Nairobi wasingeigusa. Mji wa wahamiaji kama huo hukukutanisha na sura ulizoziacha mbali. Uko stejini unangoja gari la Isinya, na mtu aliye mbele yako anageuza shingo kwa namna unayoijua tangu kidato cha tatu.

Siku hizi hata bahati hiyo haihitajiki. Mwenzenu mmoja wa shule anafungua kundi la WhatsApp la waliomaliza 1996, anaingiza nambari moja baada ya nyingine, na saa nne usiku unaona jina. Picha yake ni ya mtoto aliyevaa joho la mahafali. Unaikuza kwa vidole viwili, unatafuta pua ya mama yake.

Makala haya ni ya mtu aliyefika hapo na bado hajabonyeza kitu.

Mkianza kuongea, kila mmoja wenu atataka kurudia siku zile: barua zilizopitia sanduku la posta la shule, kadi ya kutakiana heri ya mtihani, mwalimu wa zamu aliyewafumania nyuma ya maabara. Hizo hazina taabu, mnazijua nyote wawili. Taabu iko katika ile miaka 15 au 25 ambayo hamkuonana, na ambayo kila mmoja ana sababu zake za kuifupisha kwa maneno manne: “Ah, maisha tu, unajua.” Hapana, hujui. Ulizia miaka hiyo mapema, na wewe usimulie yako kabla ya kuulizwa.

Nancy Kalish, aliyekuwa profesa wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Jimbo la California mjini Sacramento, alikusanya habari za watu 1,001 waliorudiana na wapenzi wao wa zamani na kuzichapisha kitabuni mwaka 1997. Asilimia 72 walikuwa bado pamoja. Watu hupenda sana kuitaja takwimu hiyo, lakini husahau kwamba waliojibu walijitolea wenyewe, na aliyeungua vidole kwa kawaida hajitolei kujaza fomu. Tena walitafutana kabla ya Facebook. Kumpata mtu wakati huo kulimaanisha kuandika barua, kupiga simu kwa mama yake, kupanda basi. Aliyevumilia yote hayo alikuwa ameshaamua. Baadaye, intaneti ilipoenea, Kalish alikuwa akiwaonya walio katika ndoa wasijaribu kwa udadisi tu, kwa maana salamu ya siku nyingi ina nguvu kuliko wanavyodhani.

Basi kabla ya salamu, jikumbushe mliachana kwa nini. Kama wazazi walikataa kabila lake, kama mmoja alipata uhamisho, kama ghasia za baada ya uchaguzi za 2007 na 2008 zilizitawanya familia zenu, kama barua ilifunguliwa na baba ikaishia jikoni, hapo kuna kitu kilichokatizwa. Lakini kama alikuwa akikupiga, au alikuwa na wengine wawili pembeni na ukajua, hakuna kilichokatizwa. Mliachana kwa sababu nzuri, na sababu nzuri haichakai kwa kuwa mtu ameota mvi. Nalisema hili kwa ukali kidogo kwa sababu upweke wa miaka ya arobaini na hamsini una hila: huosha watu.

Kumtafuta ni kazi rahisi kupita kiasi. Wako wanaoanza kutuma shilingi chache kwa M-Pesa ili tu jina litokee kwenye simu kabla ya kuthibitisha, wajue laini bado ni yake. Wengine huenda kusimama kwenye geti la kiwanda saa ya kutoka zamu. Usifanye hilo la geti. Mtu anatoka na wenzake wa kazi, labda mumewe yuko ng’ambo ya barabara na pikipiki, nawe umesimama hapo na tabasamu la 1998. Usiulize pia katika kundi la shule, maana kundi la shule lina watu 80 na angalau mmoja wao ni binamu wa mke wake. Tafuta rafiki mmoja wa pande zote mbili, mwenye mdomo mzito, umuulize jambo moja tu: yuko na mtu? Akijibu kwamba yuko, na nyumba ina amani, umeokoa watu wengi.

Ukiambiwa yuko huru, au umeachiwa mwenyewe uamue, andika ujumbe mmoja mfupi. Mfano:

“Habari za siku nyingi. Ni mimi, niliyesoma nawe Masai Technical pale Kajiado, yule wa kuchelewa gwaride. Nimeona nambari yako kwenye kundi. Nilitaka kukusalimia na kujua habari za nyumbani. Kama si vizuri nikuandikie, niambie, sitaudhika.”

Tazama kilichomo. Umejitambulisha, umesema nambari ulivyoipata, na swali la habari za nyumbani limempa nafasi ya kukuambia nani yuko nyumbani. Hakuna “nimekukosa”, hakuna “sijawahi kupata kama wewe”. Utume saa nne asubuhi, si saa tano usiku wakati simu yake iko mezani inawaka mbele ya macho mengine. Kisha ungoje. Asipojibu, usitume wa pili. Tiki mbili za buluu bila jibu ni jibu.

Akijibu, pesa zisubiri uso. Picha ya mtu huibwa kwa dakika moja, na tapeli anayejua mlisoma wapi ameisoma kwenye ukurasa wako mwenyewe. Siku ya tatu atakuwa na mtoto mgonjwa, siku ya tano atataka nauli ya kuja Kitengela, “na ya kutoa”. Wanaume wa nchi hii wamekuwa wakiliwa nauli tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, na wengi walidhani ni vijana wa chuo tu wanaopatikana na hilo. Pigianeni simu ya video. Muulize jambo ambalo halikuandikwa popote: jina mlilompa mpishi wa shule, wimbo uliokuwa ukipigwa kwenye matatu siku ya kufunga. Picha za chumbani usitume kabisa. Sheria ya mwaka 2018 ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni humwadhibu anayesambaza picha za faragha za mwenzake, lakini polisi watakapomkamata, binti yako atakuwa ameshaziona.

Sasa kukutana. Kosa la kawaida la Kitengela ni kuagiza kilo ya mbuzi. Nyama choma huchukua saa nzima au zaidi, na ukishaagiza umejifunga kukaa na mtu ambaye labda dakika ya kumi ulitamani kuondoka. Inakuja na supu, supu inakuja na bia, na bia inakuja na jioni. Anza na chai na chapati. Kutaneni asubuhi, Isinya, kama mmoja anaishi Kitengela na mwingine Kajiado mjini. Ni katikati ya njia na si mtaa wa yeyote. Saa tano mchana magari ya kwenda kila upande ni tele. Saa mbili usiku magari ya kuelekea Bissil na Namanga yamepungua, na “gari limeniacha” ni maneno yaliyoanzisha mambo mengi ambayo hayakuwa yamepangwa, au yalikuwa yamepangwa na mmoja tu.

Utamkuta mtu mgeni. Atakuwa na kitambi, au meno mawili ya dhahabu, au wokovu. Mwanamume aliyekuwa akikuandikia mashairi sasa anauza vifaa vya ujenzi na kila dakika mbili anapokea simu ya mchanga. Mpe nafasi awe huyo. Ukiendelea kumwambia “wewe hukuwa hivi”, unamdai mtu aliyekwisha kuondoka.

Hapo mezani ndipo pa kuuliza juu ya miaka ya katikati, na la kwanza ni ndoa. Uliza wazi: ulioa? Uliolewa? Ilikuwa ndoa gani, na iliishaje? Wakenya wengi huamini kwamba kuishi mbalimbali kwa miaka kumi ni talaka. Sivyo. Chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014, ndoa ya kanisani au ya serikali ni ya mke mmoja na mume mmoja, na huisha kwa kifo au kwa amri ya mahakama. Mwenye ndoa hiyo hawezi kufunga nyingine, hata kama mkewe yuko Qatar na hawajasemezana tangu 2015. Unaweza kuomba taarifa ya ndoa kwa Msajili wa Ndoa kupitia eCitizen, na nakuhimiza ufanye hivyo bila haya. Lakini kumbuka pengo moja: ndoa ya kimila isiyosajiliwa haitaonekana kwenye daftari lolote. Sheria hiyo hiyo inasema kwamba pale mahari inapohitajika kuthibitisha ndoa ya kimila, hata sehemu ndogo tu iliyotolewa inatosha. Mtu anaweza kukuonyesha karatasi safi kutoka Nairobi huku ng’ombe wake watatu walishafikishwa kwa wakwe na kupokewa na wazee. Kwa hiyo, zaidi ya karatasi, mtu akuambie mbele ya ndugu yake. Mbele ya kaka au shangazi uongo huwa mzito kutamka.

La pili ni watoto, na hapa nitakaa kidogo.

Wapenzi wengi wa miaka ya shule waliachana msichana akiwa na mimba ambayo mvulana hakuambiwa, au aliambiwa akakimbia. Baada ya miaka 22 mnakunywa chai Isinya na mama anasema, “Kuna jambo.” Kama ndiwe baba, jambo la kwanza la kufanya ni kunyamaza na kusikiliza mpaka mwisho. Usidai vipimo siku hiyo. Vipimo vya vinasaba vipo na vina wakati wake, hasa kama kuna mashaka ya kweli au urithi unaguswa, lakini mwanamke aliyelipa karo peke yake tangu darasa la kwanza hastahili kupokelewa kwa swali la maabara. Usimtafute huyo kijana kwenye mtandao bila mama yake kujua. Yeye ana mtu anayemwita baba, pengine baba huyo anajua, pengine hajui. Katiba, katika kifungu cha 53, inawapa baba na mama wajibu sawa wa kumlea mtoto, wawe wameoana au la. Mtoto akishakuwa mtu mzima, wajibu ule uliokwepwa haurudi kwa kumnunulia simu mpya. Muulize mama yake nini kilikosekana. Huenda akasema ada ya chuo muhula huu. Huenda akasema hataki chochote ila uende kwa babu yake mzaa mama ukae chini usemwe. Nenda.

Na kama ndiwe mama, uchague siku ya kulisema kabla hamjaanza mapenzi upya. Ukilisema baada, litaonekana mtego hata kama halikuwa.

Afya sina haja ya kuihubiri. Pimeni virusi vya UKIMWI pamoja kabla ya kitu kingine. Katika hospitali za serikali, Kitengela na hata ile ya rufaa ya Kajiado, ni bure, na kwenye maduka ya dawa kuna vifaa vya kujipima. Kumjua mtu tangu akiwa na miaka 17 hakukuambii lolote juu ya damu yake ya leo.

La tatu ni ardhi, na huku kwetu usipoitaja utakuwa umezungukazunguka tu. Kajiado imekatwakatwa ploti kutoka mashamba makubwa ya ufugaji, na nusu ya mazungumzo ya mapenzi ya watu wazima hapa yana hatimiliki ndani yake. Mpenzi aliyerudi anakwambia, “Nina ploti kule ndani ya Isinya, tujenge.” Ni neno tamu. Uliza ilinunuliwa lini na kwa pesa za nani. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inazuia mmoja kuuza au kuhamisha mali ya ndoa ya mke mmoja bila idhini ya mwenzake, kwa hiyo nyumba aliyojenga na mkewe si yake kukugawia. Fanya upekuzi katika ofisi ya ardhi. Kama ni shamba la kilimo, kuuza au kugawa kunahitaji kibali cha Bodi ya Kudhibiti Ardhi. Ukiweka mawe na mabati yako kwenye ardhi yenye jina la mtu mwingine, weka na maandishi ya wakili.

Usijipe moyo kwamba mtaishi tu pamoja na sheria itawatambua baadaye. Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika kesi ya wawili waliogombania mali baada ya kuishi pamoja miaka mingi, ilisema dhana ya ndoa inayotokana na kuishi pamoja itumike kwa nadra, na kwamba wahusika lazima wawe huru kuoana. Katika kesi hiyo mmoja alikuwa bado katika ndoa nyingine, na dhana hiyo ikaanguka. Tazama jinsi yote yanavyorudi kwenye swali lile la kwanza pale mezani.

Nimesema sana kuhusu walio huru. Kwa msomaji mwenye mume au mke nyumbani, nina machache. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na wengine watakujibu kwamba mbacha wao umechakaa mno. Huenda. Basi shughulikia mbacha kwanza: ongea na mwenzako, nendeni kwa wazee au kwa mshauri, au mwachane mahakamani kwa heshima. Kinachoharibu ni kufungua mazungumzo ya pembeni “ya kawaida tu” huku umebadilisha jina lake kwenye simu likawa “Fundi wa Maji”. Ukishambatiza mtu fundi, unajua mwenyewe mko wapi. Kipimo changu ni hiki: mazungumzo ya kwanza yanaweza kuwa ajali, lakini kabla ya yale ya pili mwenzako nyumbani awe amejua. Kama huwezi kumwambia, usiyafanye.

Katika sehemu za ndani za Kajiado, nje ya hii Kitengela ya maghorofa, kuna hali tofauti. Wapo wanawake wa Kimaasai wenye miaka hamsini na zaidi leo ambao walimpenda kijana wa rika lao na wakaozwa kwa mzee aliyekubaliwa na baba. Mzee amefariki. Yule kijana naye sasa ni mzee, ana mifugo, labda ana mke. Kwa desturi, mjane hubaki katika boma la marehemu, na wanawe wa kiume ndio wenye sauti juu ya ng’ombe na malisho. Anayemtaka mwanamke huyo asijitokeze na gari mbele ya boma. Atangulize mzee wa rika lake, na azungumze na wale wana kabla hawajasikia sokoni Bissil. Watakachoogopa ni ardhi kuhama, si mama yao kupendwa. Waambie mapema kwamba hutaki ekari yao hata moja, na uliweke hilo kwenye maandishi. Mama naye amwone wakili juu ya mirathi kabla ya kukubali ndoa mpya, kwa sababu Sheria ya Urithi imekuwa na masharti yake kwa mjane anayeolewa tena, na mahakama zimekuwa zikiyatazama upya.

Itokee basi kwamba yote yamenyooka: wote huru, watoto wanajua, ploti ina karatasi, na chai ya Isinya imefuatwa na nyingine nyingi. Msikimbie. Kaeni mwaka mmoja mkiwa mnatembeleana mchana. Kila mmoja amwone mwenzake akiwa amekosa pesa, akiwa na mgonjwa nyumbani, akiwa amekasirishwa na kondakta. Peaneni nafasi ya kuamua kwamba mtabaki marafiki. Wapo wanaofika hapo wakagundua walichotaka ni mtu wa kuwakumbuka wakiwa vijana, na hilo linaweza kufanywa kwa simu mara moja kwa mwezi.

Mkiamua ndoa, anzeni na wakubwa wa kila upande, kisha watoto, mmoja mmoja na si kwa ujumbe wa kundi la familia. Mtoto wa mwisho huwa rahisi. Wa kwanza ndiye aliyeona miaka ile ya katikati kwa macho yake, alijua mama alilia lini na baba alihama lini, na atakuwa na maswali magumu kuliko ya mchungaji. Mpeleke mahali, mnunulie chakula, ujibu yote. Ndoa ya serikali inahitaji notisi ya siku 21 kwa msajili, na kanisani majina husomwa mbele ya waumini. Hakikisheni hakuna mtoto wenu anayelisikia kwa mara ya kwanza hapo.